Kusi Haisubiri Bajeti

Mkoa wa Pwani una kioja kidogo ambacho tumekizoea hata hatukioni tena: makao yake makuu hayana pwani. Ukisimama Mkuza, kandokando ya Barabara ya Morogoro, bahari unaijua kwa kusimuliwa, au kwa samaki aliyekwisha kukaangwa na kufika kwenye beseni la mchuuzi. Kibaha haina bahari, na jirani yake Kisarawe nayo haina. Wenye bahari ni Bagamoyo, Chalinze kwa upande wa Saadani, Mkuranga, Kibiti na Mafia. Sitoi lawama juu ya mahali ofisi zilipojengwa. Ofisi hufuata barabara, na barabara ya kwenda bara inapita hapa. Lakini umbali huo una matokeo yake. Bahari humfikia mtumishi wa umma ikiwa imekwisha kugeuzwa makaratasi: idadi ya vyombo vilivyosajiliwa, leseni zilizolipiwa, ushuru uliokusanywa, nyavu haramu zilizokamatwa. Visivyofika mezani ni upepo, mwezi, na maji ya kupwa na kujaa. Nayo ndiyo mambo ambayo mvuvi wa Mlingotini au wa Jibondo hupangia maisha yake.

Hoja yangu ni hii. Sera yetu kuhusu uvuvi mdogo hukosea wakati kabla haijakosea jambo jingine lolote. Inatoa mikopo, inaitisha mikutano, inafanya misako na inadai marejesho kwa kalenda isiyo ya bahari, kisha inashangaa kuona watu hawatii. Mengi tunayoyaita ukaidi wa wavuvi ni mgongano wa kalenda mbili, na katika mgongano huo ni kalenda moja tu inayoweza kubadilishwa na binadamu.

Kwa wasomaji waliokulia bara, naomba nieleze mwaka wa baharini ulivyo. Pwani yetu ina majira mawili makuu ya upepo. Kaskazi huanza kuvuma karibu na mwezi Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi. Upepo wake kwa kawaida ni wa wastani, maji huwa na joto na hung'aa, na mkondo mkuu wa bahari, ambao kwenye pwani ya Tanzania hukwea kuelekea kaskazini mwaka mzima, hupungua nguvu kwa kuwa upepo unaupinga. Hiki ndicho kipindi ambacho hata mwenye ngalawa ya tanga huthubutu kutoka nje ya miamba, akafuata jodari, nguru na kolekole kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo, au akashusha ndoano kwenye kina akitafuta changu na chewa. Kufikia Machi joto la maji ya juu hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi.

Kisha huja maleleji, siku ambazo upepo haujui uelekee wapi, na mvua za masika. Baada ya hapo huingia kusi. Kusi huanza Aprili au Mei, hukaza Juni, Julai na Agosti, na hulegea Septemba na Oktoba, ndipo inapofuata matlai, bahari ikalala tena. Katika kusi upepo na mkondo huelekea upande mmoja, vikasaidiana. Mawimbi hupanda juu ya miamba ya nje, maji huchafuka na kupoa hadi karibu nyuzi 25, na chombo kidogo kilichotoka kwa urahisi huweza kushindwa kurudi. Hesabu ya mvuvi hapo hubadilika. Hutoka alfajiri kwa umande, yaani upepo mwepesi utokao nchi kavu, akijua kwamba upepo wa baharini utakapokaza mchana utamrudisha. Akichelewa, hauendi mchezo. Siku nyingine hutazama tu miti ya ufukweni, akarudi ndani kulala.

Sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania Bara, yenye urefu wa kilomita 1,424, ina rafu nyembamba ya maji madogo. Ukiacha mlango wa bahari wa Unguja na ule wa Mafia, kilomita chache tu kutoka ufukweni sakafu ya bahari huporomoka kwenda kwenye kina kikubwa. Maana yake ni kwamba mvuvi asiye na chombo kikubwa anaishi kwenye ukanda mwembamba sana, na wakati wa kusi ukanda huo huzidi kubanwa. Watu wote waliotawanyika mbali wakati wa kaskazi hurudi kubanana ndani ya ghuba, kwenye majani ya bahari na mikoko, kwenye maji ambayo samaki wachanga ndimo wanamokulia. Shikeni picha hiyo, kwa sababu nitairudia nitakapozungumzia juya.

Juu ya kalenda ya upepo ipo kalenda ya mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina ikafika mita tatu na zaidi. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari haisogei kwa nguvu. Nyavu za kutega huweza kuzolewa na mkondo wakati wa bamvua, hivyo wengi huzitegemea zaidi katika maji mafu. Uzio na wando hufanya kazi kinyume chake: vinahitaji maji yapwe sana ili samaki abaki ndani. Pweza naye hutafutwa wakati wa bamvua, miamba ikiwa wazi. Dagaa na ngisi wana sheria yao nyingine: huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na taa haivuti samaki palipo na mbalamwezi. Kwa hiyo mabaharia wa vyombo vya dagaa hufanya kazi wakati wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu hukaa nchi kavu kwa wiki moja au zaidi, wakishona nyavu. Mtu apitaye akiwaona wamekaa barazani saa tatu asubuhi, anaandika kwenye daftari lake kwamba vijana wa pwani ni wavivu.

Kuna jambo moja dogo kuhusu bamvua ambalo ningependa kila ofisa wa maendeleo ya jamii alijue. Kwa namna bahari yetu ilivyo, maji ya bamvua katika maeneo ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Sasa, saa nne asubuhi ndiyo saa pendwa ya mkutano wa kijiji. Mkutano ukiangukia siku ya bamvua, wanawake wanaookota pweza na chaza, wanaotanda uduvi kwa kitambaa, na wanaotunza mwani pale unapolimwa, hawatakuwepo. Watakuwa kwenye mwamba, kwa sababu mwamba hufunguka saa hiyo na kufunikwa saa chache baadaye. Muhtasari utaandikwa kwamba mwitikio wa akina mama ulikuwa hafifu. Mradi utafuata, wenye kipengele cha kuwahamasisha.

Sisi wa vyuoni nasi hatujajitenga na kosa hili. Wanafunzi wetu hutumwa kwenye mazoezi kwa vitendo na kukusanya takwimu za tasnifu kati ya Julai na Septemba, kwa kuwa ndipo chuo kinapofungwa. Hapo ndipo kusi ilipo. Mwanafunzi anayekwenda Bagamoyo au Kunduchi kwa wiki tatu za Agosti hukutana na vyombo vilivyopandishwa mchangani, kipato kilichoporomoka na wanaume wengi wasio na kazi, akaandika kwamba uvuvi wa pwani unakufa. Angekwenda Februari angeandika kinyume chake. Tasnifu zote mbili zingepita, na zote mbili zingekuwa nusu ya habari.

Sasa turudi kwenye juya. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, zinapiga marufuku nyavu za kukokota ufukweni. Siitetei zana hiyo. Juya hung'oa majani ya bahari, hubeba changu na tasi wachanga ambao wangehitaji miezi kadhaa kufikia ukubwa wa kuliwa, na huharibu mitego ya wenzao. Anayesema kwamba juya ni utamaduni na liachwe, anawaonea wavuvi wa dema na mshipi, ambao ni maskini vilevile. Lakini tujiulize juya ni jibu la swali gani. Ni zana isiyohitaji mashine wala kina. Mtumbwi mmoja huzungusha wavu, watu kumi au ishirini huvuta kutoka ufukweni, na kila anayevuta hupata fungu. Kijana asiye na ndoano hata moja hupata kitoweo. Ndiyo ajira pekee inayobaki wakati bahari ya nje imefungwa na kusi. Ukilichoma moto mwezi Juni bila kuweka kitu mahali pake, umemwambia mtu asile hadi matlai.

Na ndivyo tulivyofanya. Mwaka 2018 tulishuhudia operesheni kubwa: Sangara katika Ziwa Victoria na Jodari huku baharini. Haki itendeke: vita dhidi ya baruti ilihitaji mkono mzito. Utafiti uliofanywa mwaka 2015 kwa vinasa sauti vilivyoshushwa majini kando ya pwani yetu ulirekodi milipuko 318, na karibu asilimia 62 yake ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, yaani mlangoni mwa Serikali yenyewe. Anayelipua mwamba anaharibu kwa dakika moja kitu kilichokua kwa vizazi, na hana udhuru wa kusi wala kaskazi. Hatua za pamoja za vyombo vya dola zilizofuata zilipunguza sana milipuko hiyo, na waliozisimamia wanastahili pongezi. Kosa lilikuwa kuuchukua mkono uleule wa baruti na kuutumia kwa kila wavu wenye matundu madogo, kana kwamba mhalifu na mhitaji ni mtu mmoja. Baruti ilipungua; majuya hayakwisha. Baruti inategemea mtandao wa wauza vilipuzi, ambao unaweza kuvunjwa. Juya linategemea majira, na majira hurudi kila mwaka.

Serikali yenyewe imekwisha kutambua kwamba adhabu haitoshi, ndiyo maana miaka ya karibuni imeingia kwenye mikopo. Mwezi Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba kwa wavuvi jijini Mwanza, na mpango wa boti unahusu pwani pia. Upo pia mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, uliositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ni mambo mema. Mvuvi mwenye boti ya mita kumi na mashine nzuri anaweza kwenda mahali ambapo ngalawa haifiki, na hata siku kadhaa za kusi anaweza kutoka.

Lakini mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, yaani kusi ikiwa imekaza kabisa. Bajeti hupitishwa Juni, fedha huanza kushuka baadaye, vikao vya kuchambua maombi huketi, zabuni hutangazwa, chombo hutengenezwa. Tuseme mambo yamekwenda vizuri, boti ikamfikia mwenyewe mwezi Machi. Kaskazi inaisha. Apewe miezi mitatu ya kujipanga kabla ya kuanza kulipa: ataanza kurejesha Juni. Yaani tumemkabidhi chombo bahari ikiwa inafungwa na kumdai bahari ikiwa imefungwa. Hakuna mchuuzi wa Feri ambaye angemkopesha nahodha wake kwa masharti hayo. Mchuuzi humkopesha nahodha akijua lini atalipwa. Tajiri wa chombo hugawana mapato na mabaharia kwa mafungu baada ya kutoa mafuta, na siku isiyo na samaki haina fungu la mtu yeyote. Mfumo huo una dhuluma zake, tena nyingi, maana deni la kusi ndilo linalomfunga baharia kwa tajiri mmoja miaka na miaka. Walau, hata hivyo, unajua kusi ni nini.

Hesabu ya kurekebisha jambo hili si ngumu. Tuchukue mkopo wa mfano wa shilingi milioni 12 kwa miaka miwili. Kwa utaratibu wa miezi iliyo sawa, kikundi kitalipa shilingi 500,000 kila mwezi, Julai kama Januari. Ukiondoa miezi ya Juni hadi Septemba katika kila mwaka, inabaki miezi 16, na rejesho linakuwa shilingi 750,000 kwa mwezi. Mkopeshaji hapotezi hata senti moja ya fedha aliyokopesha. Kinachobadilika ni kwamba anadai pale penye kitu cha kudai. Na kama zabuni za vyombo zingepangwa ili boti zifike Septemba au Oktoba, kikundi kingeanza na matlai, kikajifunza mashine katika bahari tulivu, na kufikia kusi ya kwanza kikawa na akiba.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kudekeza kundi moja. Nawauliza: mbona mkulima tumemfanyia? Ajira za muda za TASAF ziliwekwa makusudi katika miezi ambayo ghala limekauka na shamba halina kazi, kwa sababu wapangaji walielewa kwamba umaskini wa mkulima una msimu. Mvuvi naye ana msimu wa njaa, ila haufanani na wa mkulima, na katika vijiji ambavyo watu wengi ni wavuvi ni busara kuuangalia wake. Mikoko ya kupandwa ipo, barabara za kuelekea kwenye madiko zipo, vichanja vya kuanikia dagaa vinahitaji kukarabatiwa. Kazi hizo zikifanywa Juni na Julai kwa ujira, zitamwondoa mtu kwenye kamba ya juya bila kumpiga.

Mfano wa sheria inayofuata bahari tunao, na haukuanzia kwenye wizara yoyote. Mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka kusini magharibi mwa Madagascar kilifunga eneo la mwamba kwa miezi saba ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana, na eneo lilipofunguliwa watu waliona tofauti kwa macho yao. Wazo hilo limevuka bahari. Limejaribiwa Kisiwa Panza huko Pemba na Songosongo wilayani Kilwa. Nguvu yake ni kwamba kufungua hupangwa siku za bamvua, wakati kila mtu anaweza kufika mwambani, na waliokubaliana kufunga ndio wanaovuna. Wezi wapo, migogoro ipo, na kuna wakati wageni hufika na kuvuna kilichotunzwa na wenyeji. Lakini ni sheria ambayo mvuvi anaweza kuieleza kwa maneno yake mwenyewe. Jaribu kumwomba aeleze kanuni ya leseni.

Hapo kwenye wageni pana kidonda kingine. Wavuvi wa pwani hii tangu zamani huenda dago: huhama kwa msimu, wakaweka kambi upande uliokingwa na upepo, wakavua majuma au miezi kisha wakarudi kwao. Leseni zetu na vikundi vyetu vya ulinzi wa rasilimali, vinavyojulikana zaidi kwa jina la BMU, vimejengwa juu ya dhana ya mvuvi mwenye kijiji kimoja. Mtu wa dago huonekana mvamizi, na wakati mwingine kweli ni mvamizi. Dawa ni makubaliano kati ya halmashauri na halmashauri, yenye idadi na tarehe, kuliko kila mmoja kujifanya kwamba dago haipo.

Sitaki nieleweke kwamba wazee wa pwani wanajua kila kitu na wataalamu wakae pembeni. Maarifa ya bahari nayo huzeeka. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanza Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, 36 kwa jumla, na siku tano za ziada; Makunduchi bado huusherehekea kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Ilikuwa kalenda ya mabaharia, bora kwa kazi yake kuliko mwezi mwandamo peke yake, ambao hauendani na upepo. Lakini kwa kuwa haiongezewi siku kila mwaka wa nne, husogea. Katika miaka mia moja hupishana na jua kwa siku 24 au 25. Waliotegemea miongo walilazimika kuirekebisha kwa macho.

Na sasa bahari yenyewe inasogea. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, katika bahari ambayo wazee wengi hawakuwa na kumbukumbu ya kimbunga. Hapo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa ndizo zilizookoa, wala si kutazama mawingu. Joto la bahari lilipopita kiasi mwaka 1998, miamba ya Mafia na kwingineko iligeuka meupe na sehemu kubwa ikafa. Joto likarudi mwaka 2016, na tena 2024. Mwamba uliokufa hauvunji wimbi kama ulio hai, na ghuba aliyokuwa akijificha mvuvi wakati wa kusi haimkingi kama zamani. Kwa hiyo ninachodai ni kukaa meza moja: utabiri wa siku tano uliosomwa kwa lugha ya nahodha, na uzoefu wa nahodha ulioandikwa mahali ambapo mtabiri anaweza kuusoma.

Mtu wa Mkuza anaweza bado kusema kwamba haya hayamhusu. Amtazame basi Mto Ruvu. Unatoka Uluguru, unapita wilayani kwetu, na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Kamba wachanga hukulia kwenye mikoko ya midomo ya mito kama huo na Wami, ambako maji baridi huchanganyika na ya chumvi. Masika yakiwa mazuri, na maji yakifika, kamba hupatikana. Kwenye mto huohuo tuna vyanzo vya Ruvu Juu na Ruvu Chini vinavyonywesha Dar es Salaam na Kibaha, na sasa bwawa la Kidunda. Mjadala wa Kidunda tumeusikia sana kwa upande wa mabomba, na ni haki, kiu ni kiu. Sijaona ukipewa nafasi ya kutosha kwa upande wa mdomo wa mto: ni kiasi gani cha maji kitaachwa kifike baharini, na mwezi gani. Suala la mwezi gani ndilo zito zaidi, kwa maana maji ya Agosti hayamfai kamba kama maji ya Aprili.

Tunazungumza sana siku hizi juu ya uchumi wa buluu. Tuna bahari kuu ya kilomita za mraba 223,000, bandari ya uvuvi imewekewa jiwe la msingi Kilwa Masoko Septemba 2023, na hotuba zimejaa meli za jodari. Zije. Lakini samaki anayeliwa Manzese, Mbagala na hapa Mkuza huletwa kwa sehemu kubwa na vyombo vidogo, na vyombo hivyo havitakuwa meli kesho asubuhi.

Mambo ya kuanzia hayahitaji fedha za wafadhili. Majedwali ya maji kujaa na kupwa hutolewa kila mwaka. Ofisi ya mkoa Kibaha inaweza kuyasambaza kwa kila mtendaji wa kata yenye bahari, akayabandika ukutani kando ya ratiba ya vikao. Mkutano wa kijiji cha wavuvi upangwe katika maji mafu, au alasiri, wanawake wakiwa wamerudi mwambani. Mikataba ya mikopo kwa vikundi vya uvuvi iandikwe upya, ikitaja kusi kwa jina lake. Na madiwani wa Bagamoyo, Mkuranga, Kibiti na Mafia, watakapoketi Februari na Machi kujadili makadirio ya mwaka ujao, waulize swali moja kwa kila mradi wa uvuvi utakaoletwa mbele yao: fedha hizi zitafika mwezi gani?